Beyoncé na kofia ya pama: kantri yake tunaigombania hadi Tabora

Niseme mapema mi si shabiki wa kufa wa Beyoncé, ila kantri nimekulia humo, kwa hiyo albamu yake ya kantri, Cowboy Carter, ilinikuta nimesimama katikati. Imetoka tarehe 29 Machi 2024, tuzo zake imeshabeba, lakini huku Tabora watu bado wanabishana utadhani imetoka jana, maana bando halifiki kwa kila mtu siku moja, wengine wameipata kwenye flashi juzi juzi tu. Na kila anayeipata anakuja kijiweni na hoja zilezile mbili, kuna wanaosema huyu dada kaingilia muziki usiomhusu anatafuta kiki, na kuna wanaosema karudisha mali iliyokuwa yetu. Mi naona wote wameshika kitu, ila wanabishania habari za albamu kuliko albamu yenyewe.

Kwanza tuelewane, kantri huku si muziki mgeni. Wazee wetu wa reli walikuwa nazo kwenye kanda, Jumapili asubuhi ukipita mitaa ya Isevya au Ng'ambo unamkuta Don Williams redioni, akitoka anaingia Kenny Rogers, halafu Jim Reeves, halafu mama Dolly Parton, na nusu ya wanaoimba nao Kiingereza hawakijui vizuri na wala hawajali. Na ukienda mnadani ukawaona wafugaji wa Kisukuma na kofia zao za pama, fimbo mkononi, ng'ombe mbele, hutashangaa kwa nini muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani ulipata mashabiki huku. Sasa kuna kitu mabishano ya kijiweni hayakigusi kabisa: Don Williams ni mtu wa Texas, Jim Reeves Texas, Kenny Rogers kazaliwa Houston kabisa, hukohuko Texas, mji uleule aliozaliwa Beyoncé mwaka 1981. Yaani hii kantri tuliyoizoea sisi ni ya kwao na huyu dada, sasa anaingiliaje nyumbani kwao?

Lakini kuzaliwa Houston hakukufanyi mwimba kantri, na hapa wanaompinga nawaelewa. Tuseme staa mmoja wa Dar aamke asubuhi atoe albamu nzima ya nyimbo za Kisukuma, watengenezaji kibao, bajeti ya kufa mtu, avae shanga, achukue nafasi zote redioni, wakati kuna vijana wa Nzega na Igunga wanarekodi miaka yote wanauza kwenye memori kadi na hakuna anayewajua, si tungelalamika? Mi ningelalamika, tena wa kwanza. Ila ye mwenyewe alijihami kabla haijatoka, akaandika kwamba hii si albamu ya kantri, ni albamu ya Beyoncé. Wengine waliona majivuno, mi niliona mtu anayejua anachokifanya, kwa sababu ukiisikiliza kweli ina rapu, ina roki ya zamani, na kwenye wimbo mmoja ghafla anaingiza kipande cha Kitaliano cha kizamani anaimba kama wa opera. Lakini hapohapo ukishasema si kantri, unaendaje tena kwenye chati za kantri na tuzo za kantri? Hilo jibu lake sijawahi kulisikia likanitosha.

Upande wa pili nao una uzito, na si wa kelele tu. Banjo, kile chombo kinachotambulisha kantri hata kwa mtu asiyejua kitu, asili yake ni Afrika Magharibi, watu waliobebwa utumwani ndo waliokitengeneza tena kule ng'ambo, na kwenye wimbo wa Texas Hold 'Em humu kwenye albamu anayepiga banjo ni Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi aliyetumia miaka mingi kuielezea historia hiyo. Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Grand Ole Opry, lile jukwaa maarufu la kantri kule Nashville, mwaka 1969, yumo humu anaongea kwa sauti yake ya uzee, na mi nakiri bila hii albamu nisingemtafuta. Charley Pride, mweusi naye, alishachukua tuzo kubwa ya CMA, zile tuzo za chama cha muziki wa kantri Marekani, mwaka 1971. Kwa hiyo weusi kwenye kantri si jambo la jana, ila mlango kila mara unafunguliwa kidogo halafu unarudishwa. 2016 Beyoncé aliimba kwenye tuzo hizohizo za CMA na kundi la kina dada wa kantri kutoka Texas hukohuko, akatukanwa mitandaoni vibaya, na 2024 alipotangaza albamu akasema imezaliwa kutokana na jambo lililompata miaka ya nyuma, ambapo alijiona hakukaribishwa. Jambo gani hakutaja, ila watu walijumlisha wenyewe.

Halafu matokeo. Huo wimbo wa Texas Hold 'Em umekuwa namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard kule Marekani, mwanamke mweusi wa kwanza kufika hapo, lakini majina ya wanaowania tuzo za CMA yalipotoka mwaka huohuo hakutajwa hata mara moja. Post Malone, jamaa aliyejulikana kwa rapu na pop, akatajwa mara nne. Na ucheke, Post Malone huyohuyo yumo ndani ya Cowboy Carter wameimba pamoja! Watetezi wa Nashville, mji wenye wakubwa wa kantri, wanasema jamaa alikwenda, akakaa na mastaa wa huko, akafanya nao kolabo, Beyoncé alibaki kwake akatuma mzigo. Sawa, inaingia akilini kidogo. Ila mtu uliyemtukana 2016 unategemea aje tena kubisha hodi na keki?

Mi hoja ya nani mwenye ruhusa huwa hainisumbui sana, na hii naipata hapahapa Tabora. Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, hizo bendi zilizoipa jina mji huu zilikuwa zinapiga rumba iliyokuja kwenye santuri za Kuba, na hiyo rumba nayo chimbuko lake ni midundo iliyotoka Afrika kwa njia ileile ya banjo. Hakuna aliyeenda Havana kuomba kibali, na hakuna aliyejitetea kwamba ngoma ilikuwa ya babu yake, walipiga tu, watu wakacheza, mwishowe ikawa yetu.

Na hapo ndo nina kesi na Beyoncé, kwa sababu albamu yake inajitetea mno. Nyimbo 27, saa moja na robo na zaidi kidogo, katikati kuna watangazaji, Willie Nelson anajifanya yuko redioni, Dolly anapiga simu, kila baada ya muda kuna mkongwe anatokea kumpa baraka. Mara ya kwanza inapendeza, imepangwa kama kipindi cha redio na sisi wa Jumapili tunalielewa hilo, ila baadaye unajiuliza, dada we ni Beyoncé, unahitaji mashahidi wote hawa wa nini? Don Williams alikuwa anaimba kama anaongea na wewe barazani, hasukumi, hapandishi sauti, unakuja kushtuka umeguswa. Beyoncé ana sauti kubwa na ameizoea, anapamba kila neno, na kantri haimpi nafasi mtu anayepamba kila neno.

Mfano mzuri ni Jolene, wimbo wa Dolly Parton alioimba upya. Ya Dolly ya 1973 ni mwanamke anamuomba mwenzie amuachie mume, hana cha kumtishia, na nguvu yote ya wimbo iko kwenye kule kuishiwa. Beyoncé kabadilisha maneno, haombi, anaonya, yaani kaigeuza mpasho kabisa wa taarabu. Dada zangu wanaipenda hiyo kuliko ya Dolly, wanasema zama za kupiga magoti zimepita, na mpasho ukipigwa vizuri na mi napenda, sisi si ndo tumekulia kwa Khadija Kopa. Ila ukizisikiliza zote mbili kwa kufuatana, ya Dolly inabaki kichwani siku nzima, hii nyingine unatabasamu halafu unaendelea na shughuli zako.

Akiacha kujibu watu ndo anaua. 16 Carriages, anasimulia alivyopoteza utoto akiwa na miaka 15, akaondoka kwao angali mdogo kufuata muziki, hiyo ni kantri hata ukimuimbisha nani, kwa sababu ni kisa cha mtu na mzigo wake. Protector nayo, gitaa na mtoto wake anaomba wimbo wa kulala, basi, hakuna shahidi wala hotuba. Hizo mbili niliziweka kwenye redio nyumbani bila kusema ni za nani na mzee wangu akauliza huyu mama wa wapi, nilipomwambia akasema haiwezekani, huyo si yule wa kukatika? Sikubishana naye, nilirudisha wimbo mwanzo.

Tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka aliyopewa Februari 2025, pamoja na ya albamu bora ya kantri, sina neno nazo sana. Ya kwanza alistahili zamani, kwa kazi nyingine, wakamcheleweshea. Ya pili ndo imewakera watu, mweusi wa kwanza kuichukua, na mi nadhani hata wakati inatolewa kulikuwa na albamu zenye kantri zaidi ya hii, lakini zenye nyimbo mbili kama hizo nilizotaja, sijui.

Amesema kazi hii ina sehemu tatu, ya kwanza ilikuwa Renaissance ya 2022 na muziki wa disko na hausi, hii ndo ya pili. Hiyo ya tatu vyovyote atakavyokuja nayo ntaitafuta, bando likiruhusu, ila apunguze nyimbo bana, na wakongwe awaache wapumzike.