Tumbo moja, maini mbalimbali

Kaka yangu na dada yangu waliamua kuacha sigara siku moja, Jumatatu baada ya Pasaka, nyumbani kwa mama, Chang'ombe. Binamu yetu alikuwa ametuletea vibandiko vya nikotini kutoka Uingereza, vile vya miligramu 21 vya kubandika begani kila asubuhi. Kaka alibandika chake akaenda kazini, na miezi miwili baadaye fegi hataki hata harufu yake. Dada alifika siku ya tisa. Nilimkuta nyuma ya choo, kibandiko kingali begani, pembe moja imebanduka kwa jasho na vumbi, sigara inawaka.

"Mwenzio kaweza. Wewe huna nia," mama akamwambia. Nami, nakiri, niliitikia.

Leo nayajutia maneno yale. Nikotini ikishaingia mwilini, kazi ya kuivunja ni ya ini, hasa kwa kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) kiitwacho CYP2A6. Kwa wastani, nusu ya nikotini iliyo kwenye damu huisha kwa saa mbili hivi, ila kuna watu wa haraka sana na kuna wa polepole. Jeni ya kimeng'enya hicho unapewa nakala moja na baba, nyingine na mama, kwa hiyo ndugu wa toka nitoke wanaweza kuangukia pande tofauti kabisa. Wa polepole, sigara tatu zinamkalia siku nzima. Wa haraka, saa haijaisha mkono umeshaanza kupapasa kiberiti.

Halafu kuna jinsia. Estrojeni, homoni ya kike, hulisukuma ini kuivunja nikotini upesi zaidi, na ndiyo maana kwa wastani wanawake huimaliza haraka kuliko wanaume. Mwenye mimba huiondoa kwa kasi inayozidi ya kawaida yake kwa karibu asilimia 60. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni naye kasi yake hupanda. Dada alikuwa akivimeza. Ana miaka 37, na mwanamke aliyepita 35 anayevuta sigara hashauriwi kabisa kutumia vidonge vya aina hiyo, kwa hatari ya damu kuganda, kiharusi na moyo. Miaka yote hiyo akivichukua, hakuna aliyemuuliza kama anavuta. Nani angemdhania? Bibi yetu kule Bahi alinusa ugoro mpaka uzeeni na hakusemwa na mtu, lakini mwanamke mwenye sigara mkononi hujificha hata kwa daktari.

Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa wavutaji 1,246 wa Marekani na Kanada, waliopimwa kwanza kasi ya maini yao ndipo wakapewa dawa. Wa kasi ya kawaida walifaulu zaidi kwa vareniklini, vidonge vya kusaidia kuacha sigara, kuliko kwa kibandiko. Wa polepole hawakuona tofauti kubwa kati ya dawa hizo mbili, ila vareniklini iliwasumbua zaidi kwa madhara. Sisi dada hatukumpima. Siwezi kuapa kwamba ini ndilo lililomwangusha, lakini mama naye hakuipima nia.

Jambo linaloniudhi ni kwamba baadhi ya jeni zinazopunguza kasi hiyo ziko kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa Wazungu ni nadra mno. Tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza maswali haya. Shirika la Afya Duniani liliweka tiba ya nikotini, kama vile vibandiko, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, vareniklini na bupropioni, dawa nyingine ya kuacha sigara, zikafuata 2021. Nilizunguka maduka ya dawa matatu hapa mjini kuitafuta vareniklini. La tatu nikaletewa dawa ya kikohozi.

Kipimo cha ini tutakisubiri sana. Kuuliza ni bure: unavuta ngapi, ya kwanza unaiwasha saa ngapi, una mimba, unameza vidonge gani? Mganga akiuliza hayo bila kukunja uso, ameshaanza kutibu.

Dada ameacha vile vidonge, amepewa njia nyingine, na mwezi ujao anaanza upya kwa kibandiko pamoja na bigijii za nikotini. Kwa sasa anahesabu tu. Anauza zabibu karibu na stendi, na nyuma ya daftari la madeni ameandika muda wa kila sigara. Zamani ya kwanza ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajanawa uso. Jana imeandikwa saa tatu na robo.