Shaka siyo pepo, acheni kumkemea mtu

Spika za wahubiri wa stendi ya Buzuruga, hapa Mwanza, zimenichosha. Siyo kelele, hizo tulishazizoea. Kinachokera ni huyu pepo mpya. Tulikuwa na pepo wa umaskini, akaja pepo wa kukataliwa, sasa ametangazwa pepo wa mashaka. Kijana wa chuo pale Nyegezi akiuliza kwenye kikundi cha maombi kwa nini mgonjwa aliyeombewa alikufa, anapigishwa magoti, anapakwa mafuta, anakemewa mpaka aanguke. Akianguka, amefunguliwa. Asipoanguka, pepo ni sugu, arudi Jumatano.

Haya, fungueni Marko 9, sura hiyo hiyo mnayoitumia kwenye huduma za ukombozi. Pepo yumo, sikatai. Lakini yuko kwa mtoto! Anayesema “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu” ni baba mtu, mstari wa 24, na baba huyo hakemewi, hapakwi chochote, haagizwi kufunga siku tatu. Mtoto wake anaponywa, basi. Sasa huyu anayemtoa baba pepo kasoma Marko ipi? Nendeni na Yohana 20. Tomaso anasema waziwazi hasadiki kwamba Yesu amefufuka. Siku nane baadaye milango imefungwa, na yeye yumo ndani na wenzake. Hawakumwambia akae nje mpaka asadiki.

Misikitini nako wapo wanaodhani kuuliza ni kukufuru, na hao wananishangaza zaidi, kwa sababu fikihi, elimu ya sheria za ibada, imelipangia jambo hili mpaka hesabu. Uko kwenye swala ya Isha, hujui umefika rakaa ya tatu au ya nne: shika tatu, kamilisha ya nne, kisha leta sijida mbili za kusahau. Ulikuwa na udhu, hukumbuki kama umetenguka: udhu wako upo, yakini haiondolewi na shaka. Hapo hakuna anayeambiwa asilimu upya. Nabii Ibrahim mwenyewe, Al-Baqara aya ya 260, aliomba aonyeshwe wafu wanavyofufuliwa. Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu anaamini, ila moyo wake upate kutulia. Akapewa ndege wanne awe na la kufanya. Mwanazuoni Al-Ghazali naye ameandika kwamba kwa karibu miezi miwili hakuweza kuamini hata macho yake wala akili yake, na kwamba hakutolewa humo na hoja, bali na nuru aliyotiwa kifuani. Miezi miwili, na huyo ndiye wanayemwita Hoja ya Uislamu. Wetu anapewa mpaka Jumatano.

Anayempokea mwenye shaka kazi yake ya kwanza ni kujua hiyo shaka ni ya nini. Kuna shaka ya mafundisho: Utatu, kadari, mateso ya wasio na hatia. Hiyo inataka mtu aliyesoma na asiyeona haya kusema “sijui”. Kuna hasira iliyovaa nguo za shaka: mtu amechangia jengo miaka minne na mapato na matumizi hayajasomwa hata mara moja. Huyo msimpe Zaburi, mpeni daftari la hesabu. Halafu kuna ugonjwa. Mtu halali usingizi, hali chakula, kila kitu kimekosa ladha, hata mpira wa uwanja wa Kirumba haumwamshi, naye anasema Mungu amemwacha. Huyo ni wa daktari kwanza. Mnachofanya ni kuwapeleka wote watatu kwenye mkesha, na yule wa tatu, ambaye hajalala wiki mbili, mnamnyima na usiku uliobaki. Kisha akizidiwa mnasema pepo amekasirika.

Sawa, wapo pia wanaoita shaka kitu ambacho ni uvivu wa kuamka Jumapili na kukwepa michango. Nakubali, shingo upande. Hata Katekisimu ya Wakatoliki, namba 2088, inatenganisha shaka ya kutaka na shaka isiyo ya kutaka. Kutenganisha ndiko ninakowaomba.

Na wewe uliyeshikwa na shaka, usitangaze chochote msibani, na kadi ya jumuiya usiichane mwezi huu. Wavuvi wa dagaa wa Igombe mwezi ukiwa mpevu hawaingii ziwani, taa ya kuvutia dagaa haishindani na mbalamwezi. Sijasikia aliyeuza mtumbwi kwa siku hizo chache.

Wakana Mungu wa mjini msicheke. Mwaka 2004 mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew, aliyetetea ukanaji Mungu kwa zaidi ya miaka 50, alisema sasa anakubali yuko Mungu fulani, ingawa si wa Biblia wala Kurani. Baadhi ya wenzake walisema nini? Kwamba amezeeka, kwamba ametumiwa. Hiyo ni “amerogwa” ya wasomi.

Na anayewaambia Kanda ya Ziwa imejaa wasioamini, amehesabu kwa macho. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967. Ninaowaona mimi wanahama tu: jana kanisa la AIC, leo kanisa la mabati Igoma, usiku kwa mganga.

Yule wa Jumatano, asipoanguka tena, muulizeni analala saa ngapi.