Kirikuu Isiyokata Kona

Pindo la kanga la shangazi yangu halijawahi kupoteza kitu. Humo hukaa nauli, risiti ya LUKU, dawa za presha, namba za simu zilizoandikwa kwenye vipande vya maboksi, na siku moja nililiona jino. Sikuuliza la nani. Kwa hiyo aliponyoosha mkono na kusema, "Lete huo ufunguo niushike mimi, nyie vijana kitu hakiwakai mkononi," niliutoa bila wasiwasi wowote.

Tulikuwa juu ya pantoni, tunatoka Kigamboni kwenda Magogoni, na Kirikuu yake. Nasema yake kwa sababu kadi ya gari ina jina lake, ingawa anayeiendesha, anayeiosha na anayetukanwa na makonda wa daladala kwa ajili yake ni mimi. Kwa asiyeijua, Kirikuu ni kile kipikapu kidogo cha Suzuki Carry, injini cc 660 imelala chini ya makalio ya dereva, ukipanda mlima unaungua wewe kabla ya klachi. Tuliinunua ikiwa na ufunguo mmoja. Muuzaji aliapa kwamba wa pili unakuja na kontena linalofuata. Sijui ni meli gani ile, labda inazunguka kwanza dunia nzima.

Daraja la Nyerere lipo tangu 2016 na lingetufikisha mjini bila kuona hata mtumbwi, lakini shangazi anasema daraja halina upepo. Yeye akivuka bahari anataka aione. Nyuma tulikuwa na matenga mawili ya kuku wa kienyeji, ishirini kwa hesabu, pamoja na gunia la nazi, vyote vya harusi ya Magomeni. Wapishi walikwishapiga simu tangu asubuhi kuuliza kuku wako wapi.

Sasa, karanga. Kijana alipita anauza karanga za kuchemsha, zile za maganda. Shangazi alifungua pindo atoe hela, akautoa na ufunguo kwanza kwa kuwa ulikuwa umekaa juu, akauweka mapajani. Akala karanga zake kwa utulivu, huku maganda yakijaa kwenye kanga. Pantoni ilipokaribia ng'ambo akasimama, akasogea kwenye ukingo, na kwa ustaarabu wote wa mtu asiyetaka kuchafua chombo cha watu, akaikung'uta kanga upande wa bahari.

Chubwi.

Tukatazamana.

"Lile lilikuwa ganda?" akaniuliza.

"Ganda la karanga halilii chubwi, shangazi."

"Basi ni hela." Akapekua pindo haraka. Hela ilikuwepo yote. Aliihesabu mara mbili, na nilivyomwona uso wake, angefurahi zaidi kama ingekuwa imepungua.

Baharia wa pantoni akaja anapunga mkono. "Dereva, jiandae kutoa gari!"

"Ufunguo umedondoka."

"Uokote basi, watu wanasubiri."

Nikamwonyesha bahari. Akaitazama, akanitazama mimi, akamwita mwenzake aje naye aitazame.

Tatizo la kwanza lilikuwa milango. Shangazi, kwa ule umakini wake, alikuwa ameifunga yote baada ya kutoa pochi yake. Handbreki imevutwa, gia iko namba moja, nasi tuko nje. Nyuma yetu kulikuwa na lori la soda na Hiace ya watu waliokuwa wanakwenda kwenye msiba, na hapo ndipo nilipojua kwamba wafiwa nao hupiga honi. Ndipo akajitokeza kijana mmoja mwenye ndala, akachomoa waya kwenye begi lake la mgongoni, akaupitisha juu ya kioo, akavuta. Mlango ukafunguka kabla sijamaliza kumwambia awe mwangalifu.

"Ahsante mwanangu," shangazi akasema. "Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Biashara ndogondogo, mama."

Shangazi akaihamishia pochi kwapa la upande wa pili.

Nikaweka gia huru, nikashusha handbreki, watu wakasukuma. Kirikuu nyepesi, haifiki hata tani moja, ikapanda ule mteremko wa zege vizuri tu. Ila haikwenda barabarani. Wakati wa kupakia, baharia alinipangisha kwa kunikatisha kushoto, na mimi nilizima gari hivyohivyo, matairi yametazama kushoto kidogo. Usukani wa gari ukishachomoa ufunguo haukusamehi: ukiutikisa tu, kipini cha chuma kinachomoka ndani ya swichi na kuzama kwenye mhimili wake, na hapo hausogei mpaka ufunguo urudi. Kwa hiyo tulipokuwa tukisukuma kwenda mjini, Kirikuu ilikuwa inakwenda kushoto. Ukiirudisha nyuma ukaanza upya, inakwenda kushoto. Ilikuwa imeamua kwenda soko la samaki, na akina mama wanaokaanga samaki pale Feri walikwishaanza kuhamisha makarai.

"Simamisheni gari!" mmoja akapiga kelele. "Mafuta ya moto haya!"

Nikaruka ndani nikavuta handbreki.

Jambo lililonitia jasho zaidi si karai. Ni kwamba Ikulu haiko mbali na hapo. Ukiwa na gari lisilokata kona, hutaki liwe karibu na ukuta wa mkuu wa nchi.

Dawa ya gari lisilokata kona ikajulikana palepale: unalinyanyua matako. Vijana wa Feri waliishika Kirikuu kwa nyuma, "Harambee!" "Eeeh!", wakaibeba na kuisogeza pembeni mpaka pua ikatazama kunakotakiwa, kisha tukasukuma hatua chache, ikaanza tena kupinda, wakanyanyua tena. Kila kona buku tano. Shangazi alitaka tutafute njia isiyo na kona. Kuku walikuwa wametulia kabisa, nadhani walijua kila dakika inayopita ni ya kwao. Mwishowe tukaiegesha chini ya mti, na mimi nikapiga simu kuomba fundi wa funguo kutoka mitaa ya Gerezani.

Alikuja na bodaboda, kasanduku kekundu magotini, miwani imefungwa kisogoni kwa raba. Alikaa kitini kwa dereva, akaingiza kidole kwenye tundu la swichi, akatikisa kichwa kama daktari.

"Hii swichi inatoka vizuri tu," akasema. "Unaingiza ufunguo, unazungusha mpaka kwenye alama ya ACC, ile ya kabla ya kuwasha, unabonyeza kipini hapa chini, silinda yote inakuja mkononi."

"Lakini ufunguo ndio hatuna."

"Naam. Hapo ndipo bei inapoanzia."

Shangazi akaona anaibiwa. "Si muunganishe waya tu? Kwenye sinema wanaunganisha waya, gari linawaka, wanaondoka."

"Mama, waya nitakuunganishia sasa hivi na injini itawaka. Usukani utabaki umefungwa. Utakwenda mbio, lakini kushoto."

Alitupa matumaini, hata hivyo. Gari kama hili, alisema, kitasa cha mlango na swichi hutumia ufunguo mmoja. Angefungua kitasa, angesoma vile vijibati vya ndani vilivyopangwa kwa urefu tofauti, angechonga ufunguo mpya kuvifuata. Na tushukuru gari ni la zamani, halina chipu. Magari ya siku hizi hata ufunguo ukichongwa ukafanana na wa kwanza, kompyuta ya gari isipoutambua injini haiwaki, na hapo unaitiwa fundi mwingine mwenye laptopu na bei ya laptopu. Akafungua mlango, akatoa kitasa, akakaa juu ya kasanduku, akaanza kupiga tupa. Kijana mwenye ndala alikuwa amechuchumaa karibu yake, anafuatilia kila hatua kama mwanafunzi aliyelipa ada. Shangazi alimfukuza mara kadhaa, akawa anarudi upande mwingine.

Ufunguo ulipokamilika ulifungua mlango mara ya kwanza tu. Tulipiga makofi, mama mmoja wa samaki alipiga na kigelegele. Fundi akautia kwenye swichi. Ukaingia. Haukuzunguka.

"Ufunguo wenu ulikuwa umelika," akasema huku akiutikisa, "na swichi nayo imelika kwa kuufuata. Wamezeeka pamoja kama bibi na babu, mmoja akifa huyu mwingine hampokei mgeni."

"Mlazimishe," shangazi akasema.

Nilimwona fundi anasita. Lakini shangazi ana sauti ambayo mtu huitii kwanza, akili inafuata baadaye. Akauzungusha kwa koleo. Ukalia *tik*, akabaki na kichwa cha ufunguo mkononi, na mwili wake ukabaki umelala ndani ya swichi.

Kimya kidogo. Jogoo mmoja akawika.

Sasa ikawa swichi yote lazima ing'oke, na ndipo nilipofahamu kuwa Mjapani ni mtu wa wasiwasi sana. Swichi imebanwa kwenye mhimili wa usukani kwa boliti ambazo hazina vichwa. Kiwandani hukazwa mpaka kichwa kikatike chenyewe, makusudi, ili mwizi akija na spana asiwe na pa kushika. Mwizi wa kweli, kama tulivyokwishaona, anakuja na waya na anamaliza kazi haraka. Anayeteseka na boliti ni mwenye mali. Fundi alilala chali sakafuni, miguu nje, akaegemeza tindo kwenye ubavu wa boliti na kuanza kugonga kwa nyundo ili izunguke kidogo kidogo. Nga! Nga! Nga! Mbele ya soko, karibu na Ikulu, gari limefunguliwa dashibodi, nyaya zinaning'inia, mlango mmoja hauna kitasa.

Askari hakuchelewa.

"Gari la nani hili?"

"La shangazi yangu, afande."

"Ufunguo uko wapi?"

Nikamwonyesha bahari tena. Nilikuwa nimeshazoea.

Akaomba kadi ya gari. Shangazi akaitoa kwenye pochi, askari akasoma jina, akalinganisha na kitambulisho, kisha akamvuta pembeni akamwuliza kwa sauti ya chini, ambayo wote tuliisikia: "Mama, sema ukweli. Hawa vijana wanakuibia?"

Shangazi akanitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, hasa kwa mtu ambaye ndiye aliyekung'uta kanga.

"Huyu ni mtoto wa kaka yangu," akasema hatimaye. "Kuiba gari hawezi, hana akili hiyo. Huyu fundi tumemwita. Yule mwenye ndala simjui."

Tukageuka. Mwenye ndala hakuwepo.

Askari akatuambia tukachukue ripoti ya upotevu, akaondoka akitabasamu. (Tuliichukua baadaye. Palipotakiwa mahali kilipopotelea kitu, niliandika "baharini", na aliyeipokea akaniuliza kama ni upande wa Kigamboni au wa mjini.)

Fundi alikuwa amempigia jamaa yake wa Ilala, wanakouza vipuri vilivyotumika, na bodaboda ikaleta swichi ya Carry kutoka Japani, nzima, na ufunguo wake ukiwa umening'inizwa kipaka cha plastiki. Akataja 120,000. Nikashika kichwa. Shangazi akataja 40,000 na kuongeza kuwa kuna kilema, paka hana sikio. Wakavutana mpaka 70,000, pamoja na kazi ya kuifunga. Boliti za zamani zikatoka, mpya za kawaida zikaingia, zenye vichwa, maana shangazi alisema hataki tena mambo ya Kijapani. Soketi ya nyaya ikachomekwa. Fundi akaniachia kiti.

Niliingiza ufunguo wa paka, nikazungusha, usukani ukalegea mikononi. Nikapiga stata, ikawaka palepale. Nilikata kulia, nikakata kushoto, nikakata kulia tena bila sababu yoyote. Kisha shangazi akapitisha mkono dirishani kuugusa ufunguo ahakikishe umeshika, nao ukachomoka, ukabaki mkononi mwake. Injini ikaendelea kunguruma.

Wote tukaitazama.

"Imelika kidogo," fundi akakiri. "Swichi zilizotumika ndivyo zilivyo. Inawaka, ila ufunguo haiung'ang'anii."

"Hiyo ni kasoro," shangazi akasema. "Punguza 10,000."

"Kasoro wapi, mama? Hiyo ni faida! Unawasha, unautoa, unauficha. Hautapotea tena maisha. Nilipaswa kuongeza."

Walibishana injini ikiunguza mafuta, simu za wapishi zikiita, na akina mama wa samaki wakigawanyika pande mbili kama mashabiki. Fundi alikataa kupunguza hata shilingi. Shangazi alikataa kulipa 70,000 yote. Mwishowe akatoa 60,000, akafungua tenga, na fundi akaondoka na bodaboda, kasanduku mbele, jogoo kwapani.

Tulifika Magomeni jua linaelekea kuzama. Mpishi mkuu alitupokea mlangoni na mwiko mkononi, hakusalimia, akaanza kuhesabu. Akafika kumi na tisa, akaanza upya, akafika tena kumi na tisa.

"Da'," akamwambia shangazi, "tulikubaliana ishirini."

"Ishirini walipanda," shangazi akasema, akijifunga kanga vizuri. "Mmoja kashukia Feri."