Ujumbe mtupu
Jana nikiwa kwenye tramu hapa Helsinki, simu ililia. Ujumbe ulisema tu kwamba nina taarifa mpya, niingie niisome. Basi. Haukutaja hospitali, ugonjwa wala dawa. Ili nione majibu ya damu ilibidi niingie Omakanta, tovuti ya taifa ya taarifa za afya, kwa namba zangu za siri za benki. Machozi yalinilenga palepale, maana nilimkumbuka shangazi.

Shangazi yuko Arua, kwetu Uganda. Ameniruhusu nisimulie, mradi nisitaje mtaa. Simu ya nyumbani kwao ni moja, ya vitufe, hukaa juu ya kabati la vyombo, na ujumbe ukiingia husomwa na mtoto yeyote aliye karibu. Siku moja mtoto aliusoma kwa sauti, silabi kwa silabi: jina la shangazi, jina la kliniki, kisha "njoo uchukue ARV zako", yaani dawa za VVU. Wifi yake alikuwa akichambua maharage. Mikono ikasimama.

Najua mtasema nimekaa baridini miaka sita, sasa nawafundisha. Sivyo. Huku si peponi: mwaka 2020 makumi ya maelfu ya wateja wa vituo vya tiba ya nafsi vya Vastaamo walijikuta siri zao zimeibwa, wengi wakatishiwa kwa barua pepe walipe au zianikwe mtandaoni. Tena sisi sheria tunayo! Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ni ya mwaka 2019, na najivunia kuwa Uganda haikungoja kuvutwa mkono.

Mwingine atasema shida ni pesa, huko mna mitambo. Mtambo gani? SMS husomwa na yeyote aliyeshika simu, Helsinki hata Arua. Kuandika "Tafadhali pita kwetu Alhamisi" hakuongezi hata shilingi. Kumuuliza mgonjwa anapoandikishwa, "Simu hii unaishika peke yako?", ni nusu dakika!

Wala msiniambie faragha ni mambo ya Wazungu. Bibi zetu walitoa watoto nje kwanza, ndipo wamuulize mtu anaumwa wapi.

Sasa shangazi hupanda teksi hadi wilaya nyingine kuchukua dawa, na huko amekataa kuacha namba yoyote. Tarehe zake naziandika mimi. Ikikaribia nampigia, na akiwa na watu namuuliza jambo la shambani tulilokubaliana, ambalo hapa silitaji.