Utrecht Haina Mvua Nyingi Kuliko Tanga

Ndugu na jamaa wanaposikia kwamba hapa Uholanzi ninakwenda kazini kwa baisikeli mwaka mzima, jambo la kwanza wanalonihurumia ni mvua. Huruma hiyo naipokea kwa shukrani, lakini haikuelekezwa panapostahili. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo humwagika wakati wa masika, ilhali hapa Utrecht hupatikana kama milimita 850 tu, tena zilizosambaa miezi yote kwa manyunyu yasiyo na haraka. Mtu wa Tanga aliyezoea kuendesha baisikeli ya Phoenix kutoka Pongwe hadi Ngamiani mwezi wa Mei hana la kufundishwa na Mholanzi kuhusu kulowa. Asilolijua ni baridi, na hasa jinsi baridi inavyoanzia vidoleni.

Kule kwetu mguu unaachwa ulowe. Mpanda baisikeli huvaa kandambili, yeboyebo au katambuga, maji yakaingia na kutoka yatakavyo, na akifika aendako hunawa miguu bombani, akaifuta au akaiacha ikauke yenyewe, mambo yakaisha. Wako wenzetu walioko huku ambao wanautaja mtindo huo kwa dharau, kana kwamba ni dalili ya umaskini. Mimi naona ndio ufumbuzi sahihi kabisa kwa mahali ambapo hata usiku wa Julai joto halishuki sana chini ya nyuzi 20. Kiatu cha kufunika katika mvua ya Tanga ni mateso, kwa kuwa hujaa maji mara moja na kubaki na unyevu siku nzima, na jioni kinanuka.

Mtindo huo huo hauwezi kuhamia Utrecht, ambako wastani wa joto la Januari ni kama nyuzi 4. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 ya hewa, kwa hiyo soksi iliyolowa hupoza mguu upesi. Isitoshe, anayeendesha baisikeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe hata siku ambayo mti hautikisiki. Mapaja ndiyo yanayofanya kazi, nao mguu wa chini umekaa tu juu ya pedeli, vidole havisogei, na mwili ukihisi baridi hubana mishipa midogo ya damu ya vidole ili joto libaki kifuani na tumboni. Ndiyo maana mtu hufika kazini mgongo unatoka jasho huku vidole vya miguu vimekufa ganzi.

Maduka yana jibu lao, nalo ni viatu vya bei kubwa vyenye utando usiopitisha maji. Sisemi kwamba utando huo ni uongo. Unafanya kazi yake. Lakini kila kiatu kina tundu moja kubwa ambalo hakuna kiwanda kinachoweza kuliziba, yaani pale mguu unapoingilia. Kwenye baisikeli ya Kiholanzi mtu hukaa wima, mapaja yakawa kama meza ya kupokea mvua, na maji hayo huteremka gotini, yakafuata muundi, yakaingia kiatuni kutoka juu. Kikishaingiliwa, kiatu kisichopitisha maji huyahifadhi maji hayo kwa uaminifu uleule ambao kingeyazuia. Gambuti nazo hazisaidii sana, kwa sababu mpira wake mwembamba hauna joto, jasho halina pa kutokea, na suruali ikichomekwa ndani yake kila tone linaelekezwa moja kwa moja kwenye soksi. Suruali ya mvua ipite nje ya kiatu na kufunika mdomo wake. Ukisimama asubuhi ya mvua katika maegesho ya baisikeli yaliyo chini ya stesheni kuu ya Utrecht, yenye nafasi 12,500, utaona wengi wanaingia na viatu vya kawaida kabisa vya ngozi. Vifaa vya kitaalamu nimeviona zaidi kwa sisi wageni na kwa wale wanaokimbiza baisikeli za mashindano.

Hata hivyo, maji mengi yanayolowesha kiatu hayatoki juu. Hurushwa na gurudumu la mbele, ambalo huyanyanyua kutoka barabarani na kuyapiga moja kwa moja kwenye vidole kila mara pedeli inapokuwa chini. Madigadi ya mbele ya baisikeli nyingi za hapa huishia juu mno, kwa hiyo hayawezi kuulinda mguu. Jambo hili fundi wa baisikeli wa Tanga analijua bila kusomea popote. Huchukua kipande cha mpira wa tairi kuukuu, akakikata kwa kisu umbo la ulimi, upana wa kiganja hivi, akakitoboa matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, kisha akakifunga kwa waya mwishoni mwa madigadi kikaning'inia shubiri moja tu juu ya ardhi. Wengine hukipaka rangi na kuandika jina la mwenye baisikeli au maneno ya kumchokoza jirani. Wengi wetu tulidhani ni pambo. Hapa nimefunga kipande cha namna hiyo, hakikugharimu chochote, na kimeizuia sehemu kubwa ya maji ambayo viatu vya gharama vingejaribu kupambana nayo baada ya kufika mguuni. Kijana anayekuja kusoma huku, na ambaye fedha zake ni za kuhesabu, aanze na kipande hicho na suruali ya mvua; viatu vije mwisho, kama vitahitajika.

Soksi ziwe za sufu. Pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania, lakini sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mtu hajahisi kuwa imelowa, na hata ikilowa bado inabakiza joto. Wengi wetu hufikiri kwamba pea mbili ni bora kuliko moja, nao huzisukumiza katika kiatu kilekile hadi damu inashindwa kupita; kiatu kinachobana kina baridi hata kikiwa kikavu. Kwa safari fupi ya dharura upo ujanja wa kuvaa mfuko wa mkate juu ya soksi, ujanja utakaomchekesha mtu aliyetoka Tanzania, ambako mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Unafaa kwa muda mfupi tu, kwa sababu jasho nalo halitoki.

Ukifika, usiibandike miguu kwenye hita. Ngozi iliyopoa na kupata unyevu, ikipashwa joto ghafla, huweza kuvimba na kuwasha vidoleni kwa siku kadhaa, na kwenye ngozi nyeusi wekundu unaotajwa vitabuni hauonekani, bali rangi hukolea au huelekea zambarau. Vaa soksi kavu ulizoweka kazini, jaza viatu magazeti yanyonye maji, basi.

Katika ulinganisho huu kuna jambo moja ambalo Tanga inashindwa vibaya, na halihusu viatu. Njia za baisikeli za hapa zimejengwa zikiwa na mteremko mdogo na matundu ya kupitishia maji, hivyo mvua ikikatika, baada ya muda mfupi gurudumu halina cha kurusha. Kwetu maji ya mvua hukaa, yakachanganyika na ya mtaro uliozibwa na taka, na mguu ulio ndani ya kandambili unapita humo humo. Mtindo wetu wa kuacha mguu ulowe unategemea maji yawe safi, na hilo ndilo sharti lililovunjika. Homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022, huambukizwa kwa maji yaliyochafuliwa na mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, na kidonda kidogo mguuni kinatosha kuwa mlango wake. Kipindupindu nacho hatuhitaji kukumbushwa.

Kwa hiyo ninapowasikia wenzangu wakishauri kwamba wapanda baisikeli wa nyumbani wapelekewe viatu vya mvua kutoka Ulaya, sikubaliani nao hata kidogo. Fedha hizo zilipie usafishaji wa mitaro ya Ngamiani na Makorora mwezi wa Februari, kabla masika hayajaanza, na taka zitakazotolewa zizolewe siku hiyo hiyo badala ya kuachwa ukingoni zikisubiri mvua izirudishe ndani.