Nyoka wa Daladala ya Gongo la Mboto

Shangazi yangu wa Gongo la Mboto alitaka mche wa mlimao, nami nilikuwa nao kibarazani, nimeuotesha kwenye kopo la rangi. Nikapanda nao daladala pale Buguruni jioni, ile saa ambayo konda anaimba "sogeeni, nyuma kweupe!" na huko nyuma hata mbu hapiti. Nikabahatika siti, nikaupakata mche, majani yakawa yanamgusa dada mmoja mwenye wigi jipya.

Kabla hatujafika Tazara, ikaja harufu. Kali, ya machungwa yaliyooza. Madirisha yakafunguliwa. Mama mmoja akamnusa mwanawe, akaona siye, akamgeukia mzee wa kanzu aliyekuwa anasinzia.

"Baba, hata kama ni umri!"

"Mimi? Tangu asubuhi sijala!"

Konda akapiga bodi. "Aliyefanya hivyo ashuke, nauli namrudishia!"

Nami nikamtupia mzee jicho la lawama. Ilibidi apatikane mtu.

Gari likaruka tuta. Tawi likamgonga yule dada, na hapo hapo, mbele ya pua yake, likanyanyuka dubwana la kijani, nene, likachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili nyekundu zenye majimaji.

"Nyoka! Katoa ulimi!"

Suka akafunga breki. Watu wakatokea mlangoni, wakatokea madirishani. Yule mama alimpitisha mtoto dirishani kwa mtu asiyemjua, kisha akapitisha trei ya mayai, kwa uangalifu zaidi. Mzee wa kanzu alikuwa wa kwanza kugusa lami. Wigi likabaki kwenye siti.

Mwanafunzi mmoja tu hakushuka.

"Anko, huyu ni kiwavi wa kipepeo, yule mweusi mwenye madoa ya njano anayependa milimau na michungwa. Huo siyo ulimi, ni tezi. Akishtuliwa anaitoa, inanuka, sisimizi wanamkimbia. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege."

Kumbe! Ndiyo maana kile kinyesi cha ndege cha kibarazani kilikuwa kinahama jani.

Konda akachungulia mlangoni, nusu mwili ukiwa nje. "Hana sumu?"

"Hana. Akikua atajifunga kwa uzi kwenye kijiti, awe pupa, halafu atoke kipepeo, aruke zake."

"Huko kuruka ni baadaye," konda akasema, akininyooshea kiganja. "Leo kapanda gari. Kaka, nauli yake."