Jogoo mmoja hahifadhi mbegu

Wafugaji wanaoagiza mayai ya kutotolesha ya kuku adimu kutoka ng'ambo husifiwa siku vifaranga wanapopasua ganda. Naona sifa hizo hutolewa mapema mno, kwa kuwa mbegu nyingi huharibiwa baadaye, vifaranga haohao wakishaota upanga.

Chukua kuku wa Skåne, jimbo la kusini mwa Sweden, ambao wenyeji huwaita skånsk blommehöna, yaani kuku wa maua. Hakuna mtaalamu aliyewabuni. Walijengeka wenyewe katika mashamba ya wakulima, wakawa na ncha nyeupe za manyoya zinazowafanya, wawe wekundu, weusi au wa kijivu, waonekane kama walionyunyiziwa maua. Kuku wa kisasa wa mayai walipotawala, hawa nusura watoweke. Masalia yao yalipatikana katika vijiji vya Vomb, Tofta na Esarp, na kutokana na hayo wafugaji wa Sweden wakajenga kundi la hifadhi. Marekani walifika mwaka 2010.

Safari ya yai ni mtihani wa kweli, sikatai. Mitikisiko huweza kulegeza chumba cha hewa, ndiyo maana mayai yanapofika huachwa yatulie kwa takriban saa 24, ncha nyembamba ikiwa chini, kabla ya kuwekwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 37.5 kwa siku 21. Mengi huishia kuwa viza. Kati ya vifaranga wanaopatikana, karibu nusu ni madume, na madume hula chakula bila kutaga.

Ndipo mwenye banda anapomchagua jogoo mwenye maua mengi na kishungi cha kupendeza, wengine akawapeleka jikoni, ingawa kuku wa asili wa namna hii thamani yao imo katika kutofanana kwao. Tena huyo aliyebaki huenda akawa ndugu wa mitetea wote anaowapanda. Hesabu za wataalamu wa uzazi haziachi shaka: jogoo 1 na mitetea 10, kwa upande wa urithi, hawazidi kundi la kuku 4, lakini ukiwaacha majogoo 4 pamoja na mitetea haohao 10, kundi hilo, kwa upande huohuo wa urithi, huhesabika kama kuku 11.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia trei ya pili ya mayai, heri mfugaji ajenge mabanda matatu, kila moja na ukoo wake, mitetea wabaki kwao na majogoo wahamishwe kila mwaka kwenda banda la jirani, kumbukumbu zikiandikwa. Mwenye nafasi ya banda moja tu atafute wenzake wawili waliopata mayai kutoka makundi tofauti, wabadilishane majogoo, na yule asiye na maua mengi asiachwe nje ya mabadilishano hayo.